Zimwi Aliyeteka Maji Kilimani

Paukwa!

Pakawa!

Aliye nyuma asogee mbele, mwenye usingizi amwegemee mwenzake.

Hapo kale palikuwa na kijiji cha wakulima chini ya kilima. Kutoka kilimani ulishuka mfereji, na mfereji huo ulinywesha migomba ya watu wote. Msimamizi wa mfereji aliitwa Semboja. Kazi aliijua sana. Lakini ulimi wake!

"Chimba, mvivu wewe! Hiyo ni mikono au mikia?" Ndivyo alivyowasalimia wenzake asubuhi, ndivyo mchana, ndivyo jioni.

Siku moja maji yakakatika. Siku ya pili, hakuna. Siku ya tatu, hakuna. Semboja akapanda kilima mpaka kwenye pango yalikotokea maji.

Kumbe humo aliishi zimwi! Yeye ndiye aliyeteka maji katika kisima cha humo pangoni, kwa kata kubwa kama nyumba, akayamimina mferejini. Hakuna mtu aliyejua. Sasa alikuwa ameketi tu, mikono mapajani.

"Mvivu wewe!" Semboja akafoka. "Inuka uteke maji!"

Zimwi akamtazama. Akafungua kinywa. Akammeza mzima mzima.

Basi Nakijwa, dada yake Semboja, akaenda kumtafuta. Alipofika pangoni hakuingia.

"Hodi!" Kimya.

"Hodi!" Kimya.

"Hodi, wenyewe!"

"Karibu," sauti nzito ikaitika.

Nakijwa akaingia, akamwona zimwi na kata yake kubwa. "Shikamoo, babu. Pole na kazi."

"Marahaba." Zimwi akamwinamia. "Hiyo ya pili sijawahi kuambiwa. Hujibiwaje?"

"Hujibiwa, nimeshapoa."

"Lakini mimi sijapoa." Akafunua viganja vyake. Vilikuwa na malengelenge makubwa kama maboga.

Mara sauti ikatoka tumboni: "Nitoe, mvivu wewe!"

"Babu," akasema Nakijwa, "huyo ni kaka yangu."

"Ana mdomo huyu!"

"Najua, babu. Nimekua naye."

Zimwi akacheka, kisha akahuzunika. "Sikiliza, mjukuu wangu. Tumbo langu lina uchawi. Halimwachii mtu mpaka aseme neno jema kutoka moyoni. Jua likizama hajasema, atakuwa uji."

Nakijwa akatazama nje. Jua lilikuwa limeshainama.

"Kaka, sema neno jema!"

"Anitoe kwanza!"

"Kaka, sema neno jema!"

"Mwambie ateke maji!"

"Kaka, sema neno jema, tafadhali!"

"Mimi simbembelezi mtu!"

Nakijwa akalia. Lakini hakumtukana kaka yake, wala hakumtukana zimwi. Akachana kanga yake, akavifunga vile viganja taratibu, kimoja baada ya kingine.

"Bado vinauma, babu?"

"Kidogo tu. Ngoja nijaribu." Zimwi akashika kata, akaanza kuvuta maji.

Basi kule gizani Semboja akasikia. Akasikia pumzi ikikwama. Akasikia mifupa ikilia. Akasikia moyo ukigonga: du! du! du! Miaka yote alisimamia kazi, lakini hakuwahi kuwa karibu hivyo na mtu anayeifanya.

Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Babu, kumbe unachoka."

"Nachoka, mjukuu wangu."

"Nisamehe. Pole na kazi."

"Nimeshapoa," akajibu zimwi, na papo hapo akapiga chafya moja kubwa. Semboja huyo, nje! Amelowa kichwa hadi miguu. Jua lilikuwa limebaki ukingo tu.

Nakijwa akamkumbatia. Mlidhani Semboja alikimbia? Hakukimbia. Alishika kata upande wa pili, wakavuta wote watatu, maji yakamwagika mferejini.

"Unaitwa nani, babu?" Semboja akauliza.

Zimwi akawaza sana, maana hakuna aliyewahi kumuuliza. "Mama yangu," akasema, "alikuwa akiniita Kadogo."

Hakuna aliyecheka.

"Ahsante, Babu Kadogo," akasema Semboja.

Basi kaka na dada wakashuka kilima, na maji yakafika nyumbani kabla yao.

Hadithi yangu imeishia hapo, wajukuu zangu. Iliyobaki mtaifanya wenyewe kesho mtakapokutana na watu. Kila anayefanya kazi huchoka, awe mkubwa, awe mdogo. Msemeshe kwa upole, na umpe pole.