Maji Hayaulizi Kata

"Maji hayaulizi kata ni ya nani." Leo mmeisikia methali hii kwa mama mmoja sokoni, mkaiona ni maneno ya mzaha, ndipo mkaja kuniuliza. Si mzaha hata kidogo. Kaeni niwaambie ilizaliwa wapi, na asiyependa kushtuka atoke sasa hivi.

Alikuwako Bi Mwajabu, mkunga, mke wa Shehe Swedi. Ilikuwa huku huku kwetu Kondoa, ambako ukoo mmoja una watu wa msikitini na watu wa kanisani, na msibani hujui yupi ni yupi mpaka sala ianze. Masika moja aliitwa kumzalisha jirani yake Perpetua, Mkatoliki. Uchungu ulikuwa mkali na mrefu. Mtoto alipotoka, adhuhuri ikikaribia, midomo yake ilikuwa imegeuka rangi na pumzi zake zilikuwa za kuhesabu. Aloisi, baba wa mtoto, alikuwa amekimbia kumwita padri, lakini mto ulikuwa umefurika.

"Bi Mwajabu," Perpetua akasema kwa sauti ndogo, "nibatizie mwanangu."

Mwajabu alidhani ni homa inayosema. "Astaghfirullahi! Mimi? Mwislamu mimi, mwanangu!"

"Padri alitufundisha. Penye hatari ya kufa, yeyote aweza kubatiza, hata asiyebatizwa. Akienda hivi hivi watamzika nje ya uzio, na mimi sitamwona tena."

Kwa imani ya Mwajabu, mtoto huzaliwa safi, hana dhambi ya kuoshwa. Angekuwa wa kwao, angeadhiniwa sikioni, basi. Tena kila siku katika swala yeye husoma kwamba Mungu hakuzaa wala hakuzaliwa. Leo ulimi huo huo useme Baba na Mwana?

"Sema wewe maneno, mimi nimwage maji," akasihi.

"Haifai, mama. Anayemwaga ndiye anayesema. Na mimi mkono hauinuki." Kweli haukuinuka, maana damu ilikuwa bado inamtoka.

Mtoto akakata pumzi, akairudia kwa shida. Mwajabu akaivuta ndoo yake ya maji ya kutawadhia, akachota kwa kata, akammwagia kichwani mara tatu huku akifuata maneno ya Perpetua: "Anselmi, nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu."

Kabla jua halijainama, Anselmi akafa.

Habari ikapasuka kijiji kizima. Wanawake waliozalishwa na Mwajabu wakawavuta watoto wao asije akawagusa. Wazee wa msikitini wakamwendea Shehe Swedi: mkeo amekufuru, ndoa imevunjika, akilala kwako ni haramu. Upande wa pili katekista, mzee Melkiori, alikataza kaburi lisichimbwe ndani ya uzio wa kanisa.

"Mwislamu abatize!" alipiga kelele. "Tena kwa kata ya kutawadhia!"

Mwajabu akamgeukia. "Mzee Melkiori, maji hayaulizi kata ni ya nani."

Watu wakaguna, kila upande kwa sababu yake.

Kesho yake mto ulipungua, Padri Gervasi akavuka na Aloisi. Walikuta watu wamejaa uwanjani mbele ya kanisa, maiti ya mtoto imefunikwa kanga, Shehe Swedi amesimama peke yake. Padri akaelezwa yaliyotokea, akamwita Mwajabu mbele ya wote. Akauliza habari za maji, akajibiwa. Akauliza maneno, akatajiwa yote.

"Limebaki moja, mama. Ulinuia nini?"

Shehe Swedi akainua kichwa ghafla. Swali hilo alikuwa nalo tangu jana, akaogopa kumwuliza mkewe. Na Mwajabu akajiona amebanwa. Akisema alinuia kubatiza, huenda nyumba yake ndiyo imekwisha. Akisema ulikuwa ulimi mtupu, Anselmi atazikwa nje. Perpetua, aliyeletwa juu ya kitanda cha kamba, alikuwa amemkazia macho makavu. Tangu jana hakuwa amelia.

"Nilinuia alichonuia mama yake," akasema Mwajabu. "Alitaka mwanawe apewe kile kinachotolewa na kanisa lao, nami nilinuia kumpa hicho hicho. Imani yangu sikuitoa, wala hakuniomba niitoe. Nilipomaliza nilioga, nikaswali adhuhuri yangu."

Padri akavua kofia. "Inatosha. Kanisa halidai zaidi. Mtoto huyu ni Mkristo, na ubatizo wake haurudiwi na mtu, hata mimi."

Macho yote yakahamia kwa Shehe Swedi.

"Nasi tumefundishwa kwamba matendo ni kwa nia," akasema. "Mke wangu ni Mwislamu. Mwenye neno jingine aje aniambie mimi, asimwendee yeye."

Akachukua jembe lililokuwa limeegemezwa ukutani, akaingia ndani ya uzio wa kanisa, akaanza kuchimba. Hapo ndipo Perpetua alipolia, kilio cha mama aliyefiwa, na Mwajabu akamkumbatia mbele ya kila mtu.

Tangu siku ile, kwetu huku, mtu akiwa katika dhiki nawe ukasita kwa kuuangalia mkono unaotoa au unaopokea, utaambiwa: maji hayaulizi kata ni ya nani.