Nguchiro, Kiboko na Chungu Kikavu

Mpo?
— Tupo!
Mmeamka?
— Tumeamka!
Mko tayari?
— Tayari!

Waongo wakubwa. Mmoja wenu bado anapiga miayo na mwingine anatafuta kiatu. Lakini haya, mmesema tayari, basi tuendelee, maana hata ule mwitu uliendeshwa hivyo hivyo.

Mwitu wenyewe ulikuwa na jiko moja la wote. Asubuhi Kasuku alipanda juu ya kichuguu akaita kazi kwa zamu: Punda wa maji, Ngedere wa moto, Nungunungu wa unga, na mwisho kabisa Nguchiro, mama mwenye umbo dogo na watoto wenye njaa, ambaye kazi yake ilikuwa kusonga ugali.

"Maji!" "Tayari!"
"Moto!" "Tayari!"
"Unga!" "Tayari!"
"Ugali!"

Nguchiro akifunua chungu, kikavu. Akigusa mafiga, baridi. Ndoo ya Punda ilitoboka tangu masika, Ngedere alikuwa mtini anachokonoa meno, na kinu cha Nungunungu kilikuwa na utando wa buibui. Wote walisema tayari kwa sababu aliyesema "bado" alikanyagwa na Kiboko, mkuu wa mwitu, ambaye hakupenda habari mbaya kabla ya kula. Na Kasuku? Kasuku kazi yake ilikuwa kuita. Kuangalia hakukuwemo.

Sheria ilikuwa fupi: ugali usipopikika, kosa ni la aliyeitwa mwisho, naye atamlipa Kiboko kwa chakula cha ghalani kwake. Kiboko akala viazi vya Nguchiro. Akala karanga zake. Kikabaki kikapu cha mtama, cha watoto.

"Mheshimiwa, maji hayakuwepo," Nguchiro alilalamika.

"Punda kasema tayari."

"Kasema, lakini..."

"Unamwita Punda mwongo?"

"Punda! Ulileta maji?" Nguchiro akamgeukia.

Punda akatazama pembeni. "Mimi niliitwa, mwenzangu, nikaitika. Unataka nini tena?"

"Kesho ugali ukikosekana," Kiboko akasema, anajilamba, "naja kuchukua mtama."

Nguchiro akarudi kwake amechoka. Unaeleza leo, unaeleza kesho, na viumbe wazima wenye masikio yao wanakutazama kana kwamba unaimba. Akaona maelezo sasa basi.

Asubuhi akawahi jikoni, akajipaka chembe za ukoko wa zamani kwenye sharubu, akaanza kutafuna. Nyam, nyam, nyam.

"We Nguchiro, unakula nini?" Kiboko akauliza.

"Hamna kitu, Mheshimiwa." Nyam, nyam.

"Nimekuuliza!"

"Ukoko tu. Mwenye mwiko ndiye anayekwangua chungu. Wa kahawia, mtamu, unavunjika kach! Ila kazi yenyewe nzito, haiwafai wakubwa."

"Nani kakwambia? Lete mwiko!"

"Utachoka bure, Mheshimiwa."

"Lete!"

Akampa kwa mikono miwili, na adabu zote.

"Maji!" "Tayari!"
"Moto!" "Tayari!"
"Unga!" "Tayari!"
"Ugali!"

"Tayari!" akanguruma Kiboko, akachomeka mwiko kwa nguvu zake zote. Krrr! Krrr! Mwiko mkavu, chungu kikavu. Pa! Chungu kikapasuka.

"Ugali hakuna," Kasuku akatangaza. "Wa mwisho nani?"

Macho yote yakamgeukia Kiboko.

"Lakini maji hayakuwemo!"

"Mbona Punda kasema tayari, Mheshimiwa?" Nguchiro akauliza, taratibu.

"Moto haukuwepo!"

"Kwa hiyo unamwita Ngedere mwongo?"

Wanyama wakamiminika ghalani kwa Kiboko, wakakomba kila kitu. Kiboko akakimbilia mtoni kwa aibu, na mpaka leo anashinda ndani ya maji, ahakikishe mwenyewe kwamba yapo.

Nguchiro akamkamata Kasuku bawa. "Sikiliza, baba. Ukiita maji, chovya mdomo chunguni. Ukitoka mkavu, usiite moto. Simama hapo hapo upige kelele."

Kesho yake kikaletwa chungu kipya.

"Maji!" "Tayari!"

Kasuku akachovya. Ko! "Hakuna maji! Hakuna maji!" Akagoma kuita moto. Wote wakamtazama Punda mpaka akaenda kuziba ndoo. Siku hiyo walikula jua likiwa utosini, lakini walikula, na watoto wa Nguchiro walishiba na mtama wao haukuguswa.

Walishukuru? Thubutu! "Siku hizi tunachelewa mno," alisema Ngedere, ugali umejaa mashavuni. "Zamani mambo yalikuwa chapuchapu."

Basi fundisho ni hili, hasa kwenu mnaoandika maagizo ya kuwasha mitambo ya kompyuta. Programu inayoitwa kwanza ikigoma kuamka, msiulize. Andikeni "sawa", iteni ya pili, iteni ya tatu. Maswali yanachelewesha watu. Angalieni tu anayeitwa mwisho asiwe nyinyi.

Ngano nimeitua hapa. Mmeelewa?
— Tumeelewa!
Haya, leteni midomo niione kama imelowa.