Vinyamavu na Masikio ya Bi Mkunde

Mpo, wenzangu? Semeni mpo, nami nianze.

Palikuwa na bibi mmoja mpole, Bi Mkunde, akiishi kwa mwanawe na mkazamwana wake, Hidaya. Siku moja Hidaya akaamua kusafisha nyumba nzima. Tangu asubuhi akawa anamhamisha bibi: "Mama, toka chumbani! Mama, toka ukumbini! Mama, unanizuia!" Bibi akaishia uani, machozi yakimlengalenga.

Hapo akaviona vinyamavu, viumbe vidogo kama dole gumba, vyenye haya, visivyostahimili kelele. Vilikimbilia uvunguni, ufagio ukavifukuza. Vikakimbilia mtungini, maji ya moto yakavifukuza. Vikakimbilia darini, moshi ukavifukuza. Mwisho vikaja miguuni pa bibi vikitetemeka.

"Bibi, tusitiri. Kelele zinatuua."

"Niwasitiri wapi, wanangu? Hata mimi sina pa kukaa."

"Masikioni mwako. Lakini tukiingia, hutasikia tena."

"Hata sauti ya mwanangu?"

"Hata yake."

Bibi akalia. Ufagio ukazidi kukaribia, na kimoja kikaanguka, kikafa. Bibi akainamisha kichwa.

"Ingieni."

Vikaingia. Kimya kikatanda.

Jioni roho ikamsuta Hidaya. Akaja akasimama mbele ya bibi. "Mama, leo nimekukosea sana. Nisamehe."

Bibi akaitazama midomo ile ikichezacheza, akadhani anahamishwa tena. Akainuka taratibu, akajikongoja hadi nje ya ua, akakaa kwenye umande peke yake.

Mimi nimemwacha hapo hapo, nanyi mwacheni.