Miti ya Kilima cha Mkumbi

Hapo zamani, zamani ambayo wengine wetu tuliiona kwa macho, palikuwa na kiwanda cha saruji chini ya kilima cha Mkumbi. Tanuri lake lilifuka moshi kutwa kucha. Serikali ikasema moshi umezidi: kiwanda kioteshe msitu wa kuufidia, la sivyo kizime tanuri.

Meneja, Bwana Kiondo, akamwendea Mzee Mhina, mwenye kilima, akamwomba ardhi. Mzee akakubali. Akawahamishia mbuzi wake mbali, na huko wakafa karibu wote kwa kukosa malisho. Kiwanda kikaleta miche kwa malori, wafanyakazi wakaipanda kwa siku mbili, wakapiga picha, wakashuka.

Mvua zikakata. Miche ikakauka yote.

Jirani na kilima aliishi mjane mmoja, Semeni, muuza miche ya matunda. Binti yake Zaina alikuwa na pumu, na moshi ukishuka alihangaika usiku na mchana. Mwanawe mkubwa, Shaha, alikuwa fundi wa tanuri lile lile, na ndiye aliyewalisha.

Semeni alipanda kilimani akakuta vijiti vitupu. Lakini korongoni aliona miti ya kienyeji imesimama, mibichi, kama haijui kuna ukame. Jambo hilo likamkaa moyoni. Akaokota mbegu zake. Akaotesha, akapanda, akamwagilia. Nusu ikafa. Akaotesha tena, akapanda tena, akamwagilia tena. Hakutumwa na mtu.

Bwana Kiondo alipomwona akipandisha ndoo kichwani, aliamuru gari la maji la kiwanda limfikie kila wiki. Likamfikia miaka mitatu, bila kukosa. Miti ikashika.

Mwaka wa nne akaja mkaguzi wa serikali, mama mmoja mtaratibu. Akaihesabu miti, akauliza ni ya nani. Akaeleza kwamba ikiandikwa ya kiwanda, kiwanda kitaruhusiwa kuwasha hata tanuri la pili. Isipoandikwa ya kiwanda, la kwanza nalo litazimwa.

Bwana Kiondo akasema, "Wazo la kupanda hapa lilikuwa letu, na maji yalikuwa yetu. Bila maji yale, leo ungehesabu vijiti."

Mzee Mhina akasema, "Ardhi ni yangu. Mimi nilikuwa na zizi, sasa nina mbuzi wanne. Iandikwe yangu, na isifidie moshi wa mtu yeyote."

Semeni alikuwa amesimama kando na ndoo yake. Asubuhi ile Shaha alikuwa amemwambia taratibu kwamba tanuri likizimwa, hajui watakula nini. Na wakati wakizungumza hivyo, alimwona mwanawe kasimama na mafundi wenzake, anamtazama. Zaina alikuwa nyumbani, hakuweza kupanda mlima.

"Na wewe, mama?" mkaguzi akauliza.

"Mimi nilitaka kujua kama itaota," Semeni akasema. "Imeota. Mbegu niliziokota mimi, na mikono ni hii. Ila ukiniandika mimi, mwanangu mmoja atakosa kazi. Ukiwaandika wao, mwingine atakosa pumzi. Andika unavyoona ni haki, dada yangu. Mimi sitakulaumu."

Mkaguzi akafungua daftari, akashika kalamu, akawatazama wote watatu, asiandike neno.

Haya, wenzangu, kalamu ile nawapa ninyi. Kiwanda, Mzee Mhina, au Semeni: je, nani alistahili kuandikiwa miti ya Mkumbi?