Watoto wa Wenzetu

Isome polepole hii, na ukiimaliza usikae nayo peke yako.

Kulikuwa na kijiji milimani ambacho watu wake hawakuwa wachoyo wa jasho. Baragumu la msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, likilia asubuhi, kila nyumba ilitoa mtu na jembe lake. Asiyetokea alisemwa mpaka akakoma. Kwa msaragambo walichimba mifereji, wakafungua barabara, na mwishowe wakaamua kujenga kituo cha kutibu watoto wenye ulemavu.

"Sisi Mungu ametunusuru," alisema mwenyekiti wa kijiji siku ya kuanza. "Lakini tuwajengee watoto wa wenzetu."

Watu wakapiga makofi. Fundi Senkondo, mwashi, naye akapiga, huku moyo ukimuuma.

Senkondo aliitwa Baba Elibariki, kwa jina la mwanawe wa pili. Wa kwanza, Nakijwa, hakuna jirani aliyewahi kumwona. Alizaliwa mjini, miguu imepindana, shingo haikazi. Akaletwa kijijini amefunikwa kanga, akawekwa chumba cha ndani, na humo ndimo alimofikisha miaka saba. Baba yake aliogopa kuambiwa ukoo wake una mkosi. Aliogopa wadogo zake wa kike wakose kuolewa. Ndiyo hivyo jamani, tusijifanye hatuyajui haya.

Walijenga miaka miwili, na hakuna aliyefanya kazi kama Senkondo. Mteremko wa mlangoni, wa kupitishia viti vya magurudumu, aliubomoa mara mbili akaujenga upya. Wenzake wakamtania.

"Fundi, kwani anakuja mfalme?"

"Kuna watakaopita hapa," alijibu, akageuka kuchota zege.

Jioni alikaa na Nakijwa, akimlisha uji na kumsimulia ukuta umefika wapi. Mtoto hakuweza kusema, ila kila akisikia neno "dirisha" alicheka mpaka uji ukamwagika. Basi baba mtu akawa anayataja madirisha hata yale ambayo hayajawekwa. Alimpenda mwanawe, huyo baba. Wala msidhani hakumpenda.

Kituo kikaisha. Akaja mtaalamu wa mazoezi ya viungo, dada Veneranda, akafungua mlango Jumatatu. Hakuja mtoto. Jumanne hakuja mtoto. Wiki mbili zikapita, yeye na magodoro yake mapya. Akaamua kupita nyumba kwa nyumba.

"Hodi! Hapa hakuna mtoto mwenye shida ya viungo?"

"Hakuna, dada. Labda uulize kule ng'ambo."

Kwa Senkondo aliwakuta mume na mke, mke anapepeta maharage.

"Una watoto wangapi, Baba Elibariki?"

"Mmoja tu, Elibariki."

"Haya. Lakini ukimsikia mwenye mtoto, mwambie asikawie. Miguu ikishakakamaa, kuinyoosha ni kazi kubwa."

"Nitawaambia."

Alipoondoka, mke akaweka ungo chini. "Mume wangu, mpeleke. Umejenga kwa mikono yako, unamwogopa nani?"

"Nitampeleka. Ila nisiwe wa kwanza. Akitokea mmoja tu, kesho yake nampeleka."

Basi akawa anamngoja huyo mmoja. Kila asubuhi alipita kituoni, akijidai anakagua nyufa, akachungulia ndani. Hamna mtu. Mwezi wa kwanza ukaisha, na wa pili, na wa tatu.

Mwezi wa nne Nakijwa akabanwa na kifua. Mama akakanda, akachemsha majani, akamsihi mumewe. Siku ya tatu asubuhi mtoto akaanza kuvuta pumzi kwa shida. Hapo Senkondo akasahau ukoo, akasahau dada zake. Alimbeba akakimbia naye barabarani jua limeshatoka, watu wanamkodolea macho, na yeye analia kwa sauti kama mtoto.

Veneranda alimlaza kwenye godoro, akaweka sikio kifuani. Akakaa hivyo muda mrefu.

"Pole, baba. Ameshatutoka. Ni mtoto wa nani huyu?"

"Wangu," alisema Senkondo. "Wangu wa kwanza."

Msibani watu waliulizana kwa kunong'ona: amekufa nani? Walikuja kumzika mtoto ambaye wengi wao hawakujua kama aliishi. Senkondo alikaa kwenye mkeka, hataki chai, hataki neno. Mwenyekiti akaja akaketi karibu naye.

"Fundi, nisamehe. Mimi ninaye wa miaka kumi. Nilikuwa nangoja atokee mmoja kwanza."

Hapo mwanamke mmoja akasimama upande wa akina mama. Alikuwa jirani wa Senkondo, ukuta kwa ukuta.

"Na mimi ninaye," alisema. "Nilikuwa nasikia mtoto anacheka kwako na hatoki nje, nikajiambia, hawa siku moja watampeleka, na mimi nitafuata."

Kesho yake watoto wakaletwa kituoni. Wengine migongoni, wengine kwenye matoroli, wanafumba macho kwa jua ambalo hawakulizoea. Walikuwa kumi na wanne. Mpaka leo kijiji kile kinakilisha kituo chake kwa msaragambo: huyu analeta kuni, yule maharage, na vijana wanawabeba watoto wa mbali.

Siku ile Senkondo alisimama mlangoni akiwapokea mmoja mmoja. Aliyekuwa wa mwisho alipoingia, Veneranda alitaka kufunga mlango.

"Ngoja kidogo, dada, huenda yupo mmoja bado njiani," Senkondo alimwambia, na akaendelea kutazama barabarani.

Funzo: Mtoto si aibu hata afichwe. Kila mzazi akingoja mwenzake aanze, anayeumia ni mtoto. Kama ndani kwako yupo, mtoe leo. Huenda jirani yako anakungoja wewe.