Nguchiro na Ua wa Upepo

Hebu fumbeni macho kidogo, wanangu. Mnauona ufuko mweupe? Jua linawaka, upepo unavuma kutoka baharini, vuu, vuu! Katikati ya ufuko huo wapo wanyama wawili wakubwa. Jasho linawatiririka, wanahema kama mivukuto, wanajenga ua. Ua wa kuzuia nini? Ua wa kuzuia upepo!

Msicheke bado. Fumbueni macho, niwaeleze walifikaje hapo.

Hapo zamani za kale, enzi ambazo wanyama walikuwa na majiko, mikeka na majirani wa kugombana nao, kulikuwa na kijiji cha pwani kikiitwa Chumvini. Wenyeji wake walipika chumvi. Waliteka maji ya bahari, wakayatia vyunguni, wakachochea moto mpaka maji yakakauka na chumvi ikabaki chini. Kuni zilitoka kwenye mikoko, ile miti inayoota matopeni ukingoni mwa bahari.

Kijijini hapo palikuwa na desturi moja. Kitu chenye ua ni cha mwenye ua. Kisicho na ua ni cha wote.

Sasa, nani alikuwa na nguvu za kubeba boriti nzito za kujengea ua? Bwana Kiboko na Bwana Nyati. Wakaizungushia ua mikoko yote. Tangu siku hiyo, aliyetaka kuni ilimbidi amkune Kiboko mgongo kutwa nzima, au ampake Nyati mafuta ya nazi kwenye pembe mpaka zing'ae.

"Kuna hapo!" Kiboko angesema. "Siyo hapo, chini! Chini zaidi! Aaah! Usiache, mbona umeacha?"

Jua likizama, mkunaji alipewa gogo moja, tena bichi.

Mama Nguchiro alikuwa mdogo wa mwili na mwepesi wa miguu. Alikuwa na watoto wanne na jiko moja lililokuwa baridi mara nyingi. Kila mwaka, siku chache kabla ya mvua za masika, dagaa walikuja wengi karibu na ufuko. Mwenye chumvi aliwatia chumvi, akawaanika, akala masika yote. Asiye na chumvi alikula siku moja, kisha akashinda njaa. Masika yaliyopita, Kibibi, mtoto wake wa mwisho, alitafuna ukindu wa mkeka kwa njaa. Nguchiro hakuusahau ule mkeka wenye alama za meno.

"Safari hii hapana," alijiambia. "Watoto wangu hawali mkeka tena."

Asubuhi moja alimwona Kibibi amechomeka kititia chake kwenye kuti la paa. Mnakijua kititia? Ni kile kidude cha majani ya mnazi ambacho watoto hukimbia nacho, nacho kikazunguka. Lakini Kibibi hakuwa akikimbia. Alikuwa ameketi, anakula embe, na kititia kinazunguka chenyewe. Fiririri!

Nguchiro akakitazama. Akatazama bahari. Akacheka peke yake, "Ki ki ki!"

Alichimba vidimbwi vya udongo vya kina kifupi nyuma ya nyumba, hatua chache tu kutoka baharini. Akasuka kititia kikubwa cha makuti na majamvi, akakipandisha juu ya mti mrefu. Chini yake akafunga kamba ndefu yenye vifuu vya nazi. Upepo ukivuma, kititia kilizunguka, kamba ikazunguka, vifuu vikashuka baharini vikapanda na maji, vikayamwaga vidimbwini.

Kwichi, kwichi! Chubwi! Mwaa! Kwichi, kwichi! Chubwi! Mwaa!

Jua nalo likafanya kazi yake. Siku baada ya siku maji yakawa mazito, na pembeni pakaanza kumetameta.

Jirani yake, Bi Kanga, akaja mbio, shingo mbele.

"Shoga! Hii ni nini? Na moto uko wapi?"

"Moto uko juu kule," Nguchiro akajibu, akionyesha jua. "Na wala haupulizwi mpaka macho yavimbe."

"Tobaa! Na mgongo wa Kiboko umeukuna saa ngapi?"

"Sijaukuna, wala siukuni tena."

Bi Kanga, mnamjua, habari haikai mdomoni mwake. Kabla ya adhuhuri kijiji kizima kilikuwa kimesikia, na Kiboko pia. Alikuja na Nyati, ardhi ikatetemeka, ndi! ndi! ndi!

"Wewe kijitu!" Kiboko akanguruma. "Nani kakuruhusu kuokota chumvi bila kuni zangu?"

"Shikamoo, Bwana Kiboko. Shikamoo, Bwana Nyati. Karibuni mkeka."

"Hatukuja kukaa! Nakuuliza, nani kakuruhusu?"

"Nimetumia upepo, bwana. Sikuuona ua wake, nikajua ni wa wote."

Nyati akainamisha pembe. "Nikivunje hicho kidude?"

Nguchiro akavitupia jicho vidimbwi. Chumvi ilikuwa bado siku mbili tu iive, na mawingu ya masika yalikwisha kuanza kujikusanya mbali baharini. Hata hivyo sauti yake ilibaki laini.

"Kivunje, bwana. Makuti ninayo tele, nitasuka kingine. Lakini nawaomba, chonde chonde, jambo moja msinifanyie."

"Jambo gani?" wakauliza wote wawili.

"Aa, siwaambii."

"Sema!"

Nguchiro akajifuta macho makavu. "Msiuzungushie upepo ua! Mkiuzungushia utakuwa wenu, kwa desturi yetu. Kila mtu atakuja kuwaomba. Wa kukaushia nguo, wa kupepetea mchele, wa kupoza chai! Masikini sisi!"

Macho ya Kiboko yakang'aa. Aliwaza migongo mingapi ingekunwa. Yaani wake mmoja, lakini kwa mikono mingi.

"Hicho kidude tukiache," akamnong'oneza Nyati, ingawa mnong'ono wake ulisikika hadi nyumba ya tatu. "Kitatuonyesha. Kikisimama, tutajua upepo umekwisha kufungwa."

"Afadhali," Nguchiro akajisemea kwa sauti ya kusikika. "Kukata boriti mpya ni kazi ya mwezi. Nitakuwa nimeshapata chumvi yangu."

"Mpya za nini?" Kiboko akafoka. "Ng'oa zile za kwenye mikoko!"

Nyati akakuna kichwa. "Na mikoko ikae bila ua, kaka?"

"Siku moja tu! Nani atathubutu kuisogelea? Twende!"

Wakaenda. Wakang'oa, wakabeba, wakachimbia. Kufikia alasiri ua ulikuwa umesimama upande wa baharini. Kwichi, kwichi! Kititia kikaendelea kuzunguka.

"Upepo unapita juu," akasema Nyati, akihema.

"Basi ongeza juu!"

Wakaongeza boriti juu ya boriti. Ua ukawa mrefu, unayumba. Jua lilipokaribia kuzama, kititia kikapunguza mwendo, kikasimama kimya.

"Tumeupata!" Kiboko akapiga kelele, akajitupa mchangani.

Nguchiro akajifunika uso kwa kanga. Chini ya kanga alikuwa akitabasamu, maana yeye aliishi pale na alijua tabia ya upepo wa pwani. Mchana hutoka baharini. Jua likizama hutulia. Asubuhi hutoka bara.

Kulipokucha, kititia kikageuka, kikaanza. Kwichi, kwichi! Chubwi! Mwaa!

"Umetoroka!" Nyati akaruka. "Umepita nyuma!"

"Mkimbilie! Leta boriti!"

Wakarudi kwenye mikoko. Wakang'oa upande wa pili wa ua, kisha wa tatu, kisha wa nne. Walipomaliza kujenga upande wa bara, jua lilikuwa limepanda na upepo umegeuka, unatoka tena baharini, tena kwa nguvu, kwa kuwa masika yalikaribia. Upepo ukausukuma ule ua mrefu unaoyumba. Kraa! Kraa! Brrrruuum! Boriti zikalala chini kama njiti, na Kiboko katikati yake, miguu juu.

Kititia kikazunguka. Fiririri!

"Zimebaki boriti ngapi kule mikokoni?" Kiboko akauliza akiwa chali.

"Hakuna hata moja," akajibu Nyati. "Na hata tungeufunga upepo, jua linalomkaushia chumvi je? Kwa jua tungejenga nini, kaka? Paa?"

Hapo wakasikia vicheko kutoka matopeni. Kijiji kizima kilikuwa kwenye mikoko. Wengine wakiokota matawi makavu, wengine wakitafuta kaa mizizini. Kiboko akainuka, akakimbia, mate yakimtoka.

"Tokeni! Mikoko yangu!"

Bi Kanga akainua shingo. "Yako, bwana? Ua wake uko wapi?"

Kiboko akatazama kulia. Akatazama kushoto. Palikuwa na mashimo ya boriti tu, yamejaa maji.

"Mwenye ua ndiye mwenye kitu," akasema Bi Kanga. "Desturi hiyo mliipenda ninyi wenyewe."

Kiboko akamgeukia taratibu Nguchiro, aliyekuwa amewafuata nyuma. "Ulijua. Tangu mwanzo ulijua upepo haufungiki!"

"Nilijua, bwana. Nilikuomba usiuzungushie, hukunisikia."

Nyati, ambaye moyo wake haukuwa mbaya sana, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa kitako. "Mama Nguchiro," akasema, "zile boriti zilizoanguka zinafaa kusimamishia vititia vingine. Nikubebee?"

"Nibebee, bwana. Na shikamoo yangu bado hujaiitikia."

"Marahaba, mama. Marahaba."

Kiboko akashuka majini bila kuaga, akabaki masikio tu.

Kesho yake Nguchiro na watoto wake walikwangua chumvi vidimbwini, nyeupe, kavu, ikilia kwa-kwa-kwa chini ya kifuu. Dagaa wakaja. Wakavuliwa, wakatiwa chumvi, wakaanikwa. Tone la kwanza la masika lilipodondoka juu ya paa, to!, kapu la mwisho lilikuwa limeshaingizwa ndani, na Kibibi amelala usingizi, shibe imemfanya tumbo lisimame kama ngoma.

Funzo la hadithi hii ni kwamba anayetaka kujimilikisha kilicho cha wote hupoteza hata kile alichokuwa nacho.

Nanyi, wanangu, nawaomba mkumbuke jambo moja tu. Mkitoka nje, na upepo ukawagusa usoni, ujueni kuwa ni mgeni aliyekuja na mikono yake miwili. Mpeni kazi.