Fisi na Visahani vya Ngozi

Ulipata kuwako mwaka ambao mvua iliususa msitu mzima, hata vyura wakafunga virago na kuhamia kwa wakwe zao. Kikabaki kisima kimoja tu, nacho kilikuwa na tabia mbaya: anayetangulia hunywa maji, wa pili hunywa tope, wa tatu hulamba mawe.

Wanyama walipigana siku tatu kwa ajili ya kutangulia. Siku ya nne Simba, aliyeamini kwamba hakuna jambo duniani asiloliweza, akaamuru zamu ya kwanza igombewe kwa mchezo wa visahani. Msituni kulikuwa na makapu tisa ya ukindu, kila moja limefungwa juu ya kigingi katikati ya miti. Kila mchezaji huja na visahani vyake vya ngozi kavu ya nyati, amevitia alama yake, hurusha kimoja na kukipitisha katikati ya miti mpaka kiingie kapuni. Mwenye mitupo michache kuliko wote ndiye mshindi. Kisahani kikipotea, wote humsaidia mwenzao kukitafuta. Kisipoonekana, huchukua kingine na kuongezewa mtupo mmoja.

Wakajitokeza wanne: Simba, Fisi, Ngiri, na Sungura ambaye pia alipewa kazi ya kuhesabu, maana ndiye pekee aliyeweza kuvuka kumi bila kuvua viatu vya mwenziwe.

Sasa huyu Ngiri hakuwa mgeni wa mchezo, wala hakuwa bingwa. Alikuwa pale katikati, mahali pabaya kuliko pote, ambapo kichwa kinajua la kufanya lakini mkono haujapata habari. Mgeni hurusha karibu kwa sababu hawezi mbali. Bingwa hurusha karibu kwa sababu ana akili. Ngiri aliwahi kupitisha kisahani katikati ya mikwaju miwili, mara moja, miaka miwili iliyopita, na tangu siku hiyo hakuiona nafasi nyembamba ila aliitamani. Nyumbani alikuwa na mke na watoto wanne waliokuwa hawajanywa maji tangu juzi. Alijua hayo, na moyo ulimuuma, lakini akiona mikwaju miwili alisahau.

Kapu la kwanza hakukuwa na neno. Kapu la pili Simba aligonga mti, akasema mti ndio uliomsogelea, akamtaka Sungura auonye. Sungura akauonya mti kwa adabu zote na kuandika mtupo.

Kapu la tatu likawa nyuma ya mikwaju miwili. Mtu mwingine angezunguka kulia kwa mitupo miwili mifupi. Ngiri akajipinda mpaka mkia ukasimama, akarusha kwa nguvu zote. Ko! Kisahani kiligonga mkwaju, kikarukia kichakani.

Wa kwanza kukimbilia kichakani alikuwa Fisi. "Tulia, ndugu yangu," alisema, "mimi pua yangu haishindwi na ngozi." Na kweli haikushindwa. Alikikuta kisahani, akatazama nyuma, akakimeza kizimakizima. Kisha akaendelea kupekuapekua majani na kumhurumia Ngiri kwa sauti ya msibani. Ngiri akaongezewa mtupo.

Mambo yakaenda hivyo. Kila aliyegonga mti, Fisi alitangulia kusaidia. Simba akapoteza viwili, Sungura kimoja. Ngiri, kwa ajili ya nafasi zake nyembamba, akapoteza vitatu. Fisi mwenyewe alirusha ovyo, lakini hakupotezewa hata kimoja, na kila baada ya kapu alizidi kunenepa na kuwa mkarimu wa maneno.

Sungura alianza kujiuliza. Kiangazi kile vichaka vilikuwa havina hata jani la kumfichia siafu. Mjusi akikohoa ndani, unamwona. Vipi vimeze visahani sita? Akaitazama midomo ya Fisi, akaona unywele mmoja wa nyati umenata jinoni. Akaliweka moyoni, kwa kuwa unywele si ushahidi, na Fisi angesema ni wa chakula cha jana.

Kwenye kapu la tisa, mke wa Ngiri alikuwa amesimama pembeni na wanawe, ndimi nje. Mbele kulikuwa na miti mingi, na katikati ya miti, nafasi nyembamba ya kupendeza. Ngiri akaanza kujipinda.

"Baba Watoto," mkewe akamwita taratibu. "Watoto hawataki sifa. Wanataka maji."

Ngiri akanyooka. Akaiaga ile nafasi kwa macho, na wallahi nusura alie. Kisha akarusha karibu, akarusha karibu tena, na mara ya tatu akakidondosha kisahani kapuni. Fisi alisimama karibu na kichaka bure, hana wa kumsaidia.

Hata hivyo Sungura alipojumlisha, Fisi alikuwa na mitupo thelathini na minane, Ngiri thelathini na tisa. Ngiri akakaa chini. Hakuthubutu kuwatazama wanawe.

Fisi akaelekea kisimani akichekacheka, na hapo Sungura akamwinamia Simba. "Mzee, tusimpunje mshindi. Anywe mfululizo mpaka mwenyewe aseme basi."

Simba alikuwa amevimba kwa hasira ya kushindwa, lakini mkubwa hagombani na mshindi hadharani, akakubali. Fisi akaona leo kapata marafiki. Akainama, akapiga funda la kwanza, la pili, la tatu. Sungura akawa anamsifu koo na kumhimiza aongeze.

Ngozi kavu ikipata maji hulainika, kisha hutuna. Funda la saba, tumbo la Fisi likaanza kutoa mabonge ya mviringo, moja huku, moja kule, likawa kama gunia lililotiwa vyungu. Akataka kusema basi, ikatoka kwikwi. Akapinduka chali, miguu minne juu, akakohoa kikohozi kimoja kikubwa, na kisahani cha kwanza kikaruka nje, kikapita juu ya kichwa cha Simba na kutua vizuri kabisa kwenye kapu la tisa. Ulikuwa ndio mtupo wake bora wa siku nzima.

Vikafuata vitano, pamoja na maji yote aliyokunywa. Sungura aliviokota kimoja kimoja na kuvionyesha: vitatu vina alama ya meno ya Ngiri, viwili vya kucha za Simba, kimoja chake mwenyewe. Kwa kuwa havikupotea, akaifuta mitupo yote ya nyongeza. Ngiri akabaki na thelathini na sita, na hapakuwa na aliyemfikia.

Wale watoto hawakungoja matangazo. Waliingia kisimani vichwa mbele, mama yao nyuma yao, na Ngiri akanywa huku machozi yakimtiririka bila haya. Simba akaamuru wengine wafuate, na zamu ya Fisi wagawane wale aliowamezea visahani. Fisi alilala palepale ubavuni mwa kisima, tumbo tupu na koo kavu, akiwasikiliza wakiigugumia zamu yake mpaka ukasikika mkwaruzo wa mawe.

Mla cha mwenzie, na chake huliwa.